Deni la Mia Mbili

Nilimwambia Mama Khayesi, mweka hazina wetu,
"Jumamosi, mama, bila wasiwasi,"
naye akaandika jina langu kwa penseli
katika daftari lenye picha ya twiga.
Mia mbili. Ya basi la kwenda Kericho.
Jumamosi ilifika. Klabu haikufika.

Barua ilibandikwa kwenye mlango wa choo cha uwanja,
mlango pekee uliobaki na bawaba:
Heroe wa Kivumbini wamejiondoa katika ligi.
Hata "kwa masikitiko" hawakuweka.
Miaka ishirini na sita, sentensi moja,
na muhuri uliolalia upande
kama beki aliyechelewa.

Siku hiyo Kericho wakapewa mabao mawili ya bure.
Nani aliyafunga? Hewa.
Na kipa wetu alikuwa wapi?
Shikuku alikuwa Bondeni, anashona magunia ya viazi.
Nilimpita. Alikuwa amekumbatia gunia kifuani
jinsi alivyokuwa akikumbatia kona.
Hakuinua macho, nami sikumwita.

Shemeji yangu ana maneno:
"Ngatia, mpira upo tele! Toa ishirini pale kibandani,
uone watu wakicheza juu ya zulia."
Nimekwenda. Nimetoa. Nimekaa.
Nikamtukana beki wao, nikamwita gogo,
na gogo lisinisikie.

Wetu alisikia.
Chelulei, jezi namba tano,
siku niliyomwambia miguu yake ni ya kitanda
aliuacha mpira palepale, akaja hadi kwenye kamba,
akavua kiatu cha kulia, akaninyooshea:
"Haya, shuka wewe."
Uwanja mzima ukaangua kicheko, refa akiwemo,
na Molo wakafunga bao tukicheka.
Skrini gani itanifanyia hivyo?

Sisemi tulikuwa wazuri.
Jezi zilinunuliwa nyekundu,
jua na maji ya kisima vikazigeuza waridi,
wenzetu wa Rhonda wakatuita heroe kwa kejeli,
tukaivaa kejeli ile, tukaishonea nembo.
Tulishuka daraja mara mbili, tukapanda mara moja.
Hesabu hiyo siwezi kuieleza.

Na wale heroe wa ziwani, maji yalipofura,
walihamia Bogoria, wala hawakubandika barua.
Nimewaona juzi, wachache, wamerudi,
wamesimama kwenye tope kwa miguu ya uzi.
Mtu asije akaniambia lolote juu ya hilo.
Ndege hana kodi ya uwanja.

Usiku nalala na basi lile.
Elfu kumi na nne, dereva akitaka zote mbele.
Mia mbili yangu isingelifikisha hata Salgaa,
isingenunua hata kioo cha pembeni.
Najua. Najua.
Lakini nikigeukia ukutani nawasikia wengine,
mtaa mzima, mlango kwa mlango,
kila mmoja na mia mbili yake,
kila mmoja akisema hivyohivyo:
isingefika hata Salgaa.

Leo asubuhi nimekwenda kwa Mama Khayesi.
Anauza nyanya karibu na lango la zamani,
lango ambalo sasa lina mnyororo na mbuzi wawili.
Nimeiweka noti juu ya meza, nimeinyoosha kwa kiganja.
"Nyanya za ngapi?"
"Si nyanya. Ya Kericho."

Hakucheka.
Ameingiza mkono chini ya sanduku, akatoa twiga.
Kurasa za nyuma zimeliwa na hesabu za sukuma,
lakini amelamba kidole, amefungua mbele, polepole,
amelifikia jina langu, amelisoma kwa sauti
kama anayetangaza kikosi.
Kisha akafunga daftari,
akairudisha noti upande wangu kwa ncha ya kisu.

"Tulikubaliana Jumamosi," amesema.
"Leo Alhamisi."